Aparei ya tansio ipite mbele ya siro ya sokoni

Hapa Salamabila mama mwenye mimba akisema kichwa kinamuuma siku mbili na macho yanaona giza giza, wengi wetu tunajibu: ni uchovu, ao kuna mtu amemroga. Miguu kuvimba peke yake inafikia wamama wengi. Lakini kichwa kisichoachia, macho kubadilika, maumivu chini ya mbavu za kuume, hiyo si ya kungojea asubuhi. Mimba ikipita juma 20, tansio ikafika 14/9 na protini ikaonekana mu mukojo, waganga wanaiita preeklampsi. Inaweza kuleta kifafa, na kifafa kinaua mama na mtoto.

Shida inaanzia kwenye kondo la nyuma. Damu haifiki humo vizuri, kondo linatoa vitu vinavyoharibu mishipa ya mama, sawa vile kutu inakula chuma. Mu laboratware kubwa wanapima ile kutu ndani ya damu. Elimu hiyo tunaiheshimu, ila isitufilishe. Vitamini C na E zilijaribiwa Uingereza kwa wamama zaidi ya 2.000, matokeo ya 2006 yalionyesha hazikuzuia ugonjwa, na watoto wenye uzito mudogo waliongezeka. Basi anayetuuzia siro ya «kusafisha damu» anatuuzia maneno.

Sisi wachimbaji kuna lingine linalotugusa. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa walitangaza kwamba wamama wenye preeklampsi walikuwa na risasi (ile plomb) nyingi mu mukojo kupita wenzao. Haihakikishi kwamba madini ndiyo chanzo. Lakini nguo za shimo zina vumbi, tuziache nje ya nyumba. Na zebaki tusiichome jikoni: ile moshi inaharibu ubongo wa mtoto tumboni.

Tunachodai ni kidogo. Kila CPN tansio ipimwe na mukojo uchovywe bandeleti. Kila sentre iwe na sulfate ya manyezi, dawa iliyopunguza kifafa zaidi ya nusu kwa wamama 10.000 waliofuatwa mu inchi 33 (matokeo ya 2002). Ichomwe mbele mama hajapanda moto ya kwenda hospitali, maana njia zetu, mvua ikinyesha, kila mtu anazijua.

Tunachanga pesa ya pompe ya kutoa maji mu shimo. Aparei ya tansio iko bei ya chini kuliko pompe.