Kabati la Vioo

Nyumba nyingi za Uroa, hapa Unguja, zina kabati la vioo katika chumba cha mbele. Ndani yake mna sahani za maua zilizosimamishwa wima, vikombe vilivyofunikwa juu ya visahani vyake, birika la kaure ambalo halijawahi kutiwa chai, na pengine bakuli moja lililosalia katika seti aliyotunzwa bibi siku ya harusi yake. Vyombo hivyo havipakuliwi chakula. Vimewekwa vitazamwe. Idi ikikaribia, mwenye nyumba huvipangusa, huvipanga upya, kisha hurudi nyuma hatua moja aone kama birika limekaa sawa pale katikati. Muulize mtu huyo huyo mara ya mwisho kuingia makumbusho ilikuwa lini. Atacheka. Makumbusho ni ya wageni, atasema, na ya watoto wa skuli siku wanapopelekwa.

Toleo hili la jarida letu linabishana na kicheko hicho. Mtu anayerudi nyuma hatua moja ili alitazame birika lake tayari anafanya kazi ya mtazamaji wa sanaa, na anaifanya vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba jicho hilo hilo lina haki ya kupita mlango wa jumba la sanaa, na kwamba huko linahitajika kuliko linavyohitajika lile la mgeni wa wiki moja.

Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa na mkoloni kukiondoa chombo jikoni na kukipandisha mahali pa macho. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, yapo makaburi ya nguzo ambayo mafundi wake walipachika bakuli na sahani za Kichina ndani ya chokaa. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na zidaka, safu kwa safu, na humo vilipangwa vyombo vya kaure. Hapa kwetu, Unguja Ukuu, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vya wenyeji vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, vikiwa tabaka moja na vigae vilivyovuka bahari kutoka Uajemi na China. Mimi hushughulika zaidi na vile vya wenyeji. Vingi vina mistari ya pembetatu iliyochanjwa karibu na shingo udongo ukiwa bado mbichi. Mchuzi hauwi mtamu zaidi kwa sababu ya pembetatu. Mfinyanzi alizitia kwa kuwa alitaka zionekane, na kwa kuwa palikuwa na jirani wa kuziona.

Jirani huyo ndiye tuliyempoteza katika sanaa za ufundi za leo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, juu ya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Wateja wake wengi walikuwa Wazungu wa Oysterbay, na sioni haja ya kumlaumu mtu aliyekuwa akitafuta riziki. Alikufa kwa risasi za polisi mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alikuwa ameshajionyesha kuwa ana jicho lake: mnyama mmoja, ubao mzima, mandhari tupu nyuma yake, bila woga wa nafasi. Leo ukipita Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, utakuta pundamilia yule yule amening'inizwa duka hadi duka, na Wamasai wale wale wembamba wamesimama mbele ya jua lile lile. Turubai hutolewa kwenye fremu, huviringwa, hutiwa ndani ya bomba la karatasi, safari. Mchoraji amelazimika kujua vipimo vya sanduku la mgeni kabla ya vipimo vya wazo lake.

Wanaolalamikia biashara hii husema tatizo ni fedha. Mimi sikubali. Mgeni hana kosa, na fedha zake zinasomesha watoto. Tatizo ni kwamba mgeni hutazama mara moja tu. Hatapita tena mwakani akasema, bwana, ile ya mwaka jana ilikuwa bora kuliko hii. Linganisha na taarabu. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na mpaka leo inapigia watu wanaozijua nyimbo zake. Fidla ikiteleza kidogo ukumbini, kuna bibi kiti cha nyuma atakayekunja uso, na keshoye mtaa mzima utakuwa na habari. Taarabu imelindwa na watu wa aina hiyo kwa zaidi ya karne moja. Uchoraji wa Unguja haujapata bibi wa kiti cha nyuma.

Na vipi apatikane, ikiwa kazi kubwa za watu wetu ziko mbali naye? Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954 na akachukuliwa Uingereza angali mtoto mchanga, baada ya baba yake kufariki. Mwaka 2017 alipata Turner Prize, tuzo inayotajwa sana kuliko zote za sanaa katika nchi ile, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi yake ninayoipenda kupita zote ni ya mwaka 2007. Alikusanya vyombo vya kale vya mezani, sahani, majagi, mabakuli yenye vifuniko, jumla 100, na juu ya maua yake ya awali akachora nyuso za watumwa na watumishi weusi, pamoja na mabwana na mabibi wa Lancaster, mji wa Uingereza uliotajirika kwa meli za watumwa. Hiyo ni kazi ambayo mtu wa Uroa angeifahamu bila kusomewa maelezo ya ukutani. Ni kabati lake la vioo, na mle ndani wamo watu ambao historia ya kisiwa hiki inawajua vizuri.

Magdalene Odundo naye, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, yuko katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani kwa vyungu. Ndiyo, vyungu. Alikwenda kusoma Uingereza, lakini alichokitafuta alikikuta katikati ya miaka ya 1970 huko Abuja ya zamani (Suleja ya leo), Nigeria, kwa wanawake wanaofinyanga bila gurudumu. Hadi leo hujenga chombo kwa mkono, mviringo juu ya mviringo, hukikwangua, hukisugua mpaka king'ae, wala hakipaki utando wa kioo. Kikichomwa kwenye moto wenye hewa ya kutosha hutoka cha rangi ya machungwa. Kikirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa, huwa cheusi.

Mfinyanzi yeyote wa pwani angeifuata kazi hiyo hatua kwa hatua. Udongo hukandwa na mchanga usije ukapasuka, hupandishwa kwa vidole, hukwanguliwa kwa kifuu, husuguliwa kwa kokoto, hukaushwa kivulini bila haraka, kisha huchomwa uwanjani chini ya kuni na makuti. Moto wa namna hiyo haufiki kwenye joto la tanuri la kaure, ndiyo maana mtungi hutokwa na jasho na maji yake yakawa baridi. Uroa yenyewe imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, ardhi ya uwanda, na udongo wa kufinyanga lazima uletwe kutoka kwingine. Lakini moto tunaujua, sisi watu wa tanu la chokaa. Mikono nayo ipo: wanawake wanaofunga mwani maji yakitoka ndio hao hao wanaosuka ukili jioni barazani, na anayejua kupanga miyaa ya rangi mbili hadi mkeka ukatoa mraba ulionyooka hana haja ya kufundishwa mpangilio.

Ninasisitiza kutengeneza kwa sababu ndiko kunakozaa mtazamaji. Mtu aliyewahi kupandisha ukuta wa udongo ukamwangukia, akasimama mbele ya chungu cha Odundo, kwanza ataangalia unene wa mdomo wake. Atajiuliza kilisimamaje kikiwa kibichi. Huko ndiko kufaidi sanaa, na digrii haihusiki.

Majumba yetu ya makumbusho pia yana deni. Beit el Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu walipoteza maisha. Litakapofunguliwa tena nisingependa lirudi kama lilivyokuwa, nyumba ya vitu vya wafalme na vyombo vya baharini zaidi. Litengewe chumba cha kazi za leo, kuta zibadilishwe mara kwa mara, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza na kwa herufi kubwa, na siku moja ya wiki iwe ya watu wa shamba, wale wanaotoka umbali wa zaidi ya kilomita 30 kwa daladala na kurudi mapema kwa ajili ya maji ya bahari. Chini ya vyombo vya udongo liandikwe pia jina la aliyevifinyanga pale linapojulikana, kwa kuwa hadi sasa makumbusho mengi ya pwani yanatutajia kabila na wilaya, basi.

Kwa toleo hili tuliamua kuanza sisi wenyewe: kila picha ina jina la fundi. Mmoja tu, mfinyanzi wa vyetezo, alikataa. Hoja yake ni kwamba mnunuzi wa chetezo anataka kisipasuke kwa makaa, na jina halizuii ufa. Tulibishana naye hadi chai ikapoa na hakushindwa. Picha yake iko katika kurasa za kati, bila jina, na mwenye jibu zuri kuliko letu atuandikie.