Magari ya kivita yajaribiwe Turkana kwanza

Kila wizi wa mifugo unapomwaga damu huku kaskazini, Nairobi hujibu kwa ahadi ya magari zaidi ya deraya. Vijana wanaosubiri tairi zao kwenye gereji yangu hapa Lodwar nao wameshaambukizwa tamaa hiyo. Hunionyesha kwenye simu magari ya Ulaya yenye mzinga wa milimita 30 na kuniuliza: mzee, mbona jeshi lisilete haya yakamalize kazi bonde la Suguta?

Nilitengeneza magari ya jeshi hadi nikastaafu, kwa hiyo hujibu kama fundi. Gari la kubeba askari huwashusha karibu na mapigano kisha likarudi nyuma. Hilo la kwenye simu huingia nao vitani, huku mzinga wake ukiwafungulia njia. Wasovieti walileta gari la aina hiyo, BMP-1, miaka ya 1960 wakiwazia vita vya vifaru kwenye tambarare za Ulaya. Puma ya Wajerumani hufika tani 43 ikivikwa ngao zote, na ukiwatoa dereva, kamanda na mpiga mzinga, hubeba askari sita tu. Desemba 2022 walipeleka Puma 18 mazoezini. Zote 18 ziliharibika. Hapo wako kwao, karakana na spea ziko jirani. Ikizama kwenye mchanga wa mto Tarach pale Kakuma, nani ataiopoa?

Turkana gari huuawa na vitu vidogo. Mwiba wa mathenge hupenya tairi la lori na kuvunjikia ndani. Usipoutafuta kwa ncha za vidole na kuung'oa, utaziba leo na kesho pumzi itatoka tena. Chujio la hewa ukilikung'uta asubuhi, jioni limejaa vumbi. Joto likipita digrii 36 na rejeta imeziba, injini iliyofungiwa ndani ya chuma huchemka hata kabla ya kutoka mjini. Mvua nayo ikinyesha mbali milimani, mto Kawalase hushuka ghafla na kila mtu hulala ng'ambo alikokutwa.

Mwaka 2021 Kenya iliagiza Uturuki magari 118 aina ya Hizir, kwa takriban dola milioni 91. Ni ya magurudumu, na tumbo lake limechongwa kama herufi V ili mlipuko wa bomu la ardhini utawanyikie pembeni. Kwa Lamu na Mandera, ambako Al-Shabaab hutega mabomu barabarani, sina ugomvi nayo. Ila tumbo hilo huliinua gari juu, na gari la kimo hicho kwenye ukingo uliomong'onyoka wa laga, mto wa msimu, hupinduka upesi. Tena majangili wetu huvizia kwa bunduki kutoka mawe ya juu. Septemba 2022 kule Namariat, Turkana Mashariki, watu 11 waliuawa: polisi wanane, chifu na raia wawili, wakifuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 polisi waliviziwa Kaakong kwenye barabara ya Kitale kuja Lodwar, na siku chache baadaye jeshi likaitwa.

Wale polisi tunaowaona kila siku hupanda Land Cruiser iliyo wazi nyuma, wameketi migongo ikigusana. Hao ndio wa kuanzia. Wapewe gari jepesi lililofunikwa, linalozuia risasi za bunduki, lenye springi na tairi ambazo fundi wa Lodwar anazipata bila kungoja meli. Kila kundi la magari liwe na brekidauni yake. Mzinga wa milimita 30 sitaki hata kuuona huku: kombora lake huenda kilomita mbili na zaidi, na kwenye makorongo hayo watoto wanachunga mbuzi.

Ombi langu ni kwa wabunge wa kamati ya ulinzi. Zabuni ijayo isitiwe saini kabla gari lenyewe halijaletwa Lodwar mwezi wa Februari, likapakiwa askari na silaha zao, likaendeshwa nje ya lami kupitia Kakuma hadi Lokichoggio. Likikwama, muuzaji alivute kwa gharama yake.