Nembo ya Ukutani Haifundishi Kuzamia

Kuanzia Nungwi hadi Diani, maneno wanayoambiwa wanaotaka kujifunza kuzamia kwa mtungi yanafanana. Mengi yana chembe ya ukweli, na ndiyo sababu yanaponza.

"Sisi ni PADI, ondoa shaka." PADI, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, huandika mtaala, huweka viwango na hutoa kadi. Halimiliki boti ya Kendwa wala halijazi mitungi ya Watamu. Shule ni biashara ya mtu, na nembo hueleza anachopaswa kufanya, si anachofanya. Isitoshe, uanachama wa mwalimu huhuishwa kila mwaka, na namba yake unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya shirika. Mwalimu wa kweli hakasiriki ukimwomba namba hiyo.

"Huyu kaka amezamia miaka na miaka, atakufundisha." Huenda baharini anamshinda hata mwalimu. Lakini kama ni kiongozi wa wazamiaji tu, si mwalimu, hana idhini ya kuendesha kozi ya mwanzo, kwa hiyo kadi itatoka kwa jina la mwalimu ambaye hukuzama naye. Kabla hujalipa, uliza nani hasa atakuwa nawe majini, na mtakuwa wangapi. Kiwango cha PADI baharini ni wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja. Siku ambayo mkondo unavuta na maji yamechafuka, hata hao 8 ni wengi mno.

"Mtoto wa pwani hana haja ya kujaribiwa." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana linakuja limevaa sifa. Jaribio lenyewe ni kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Mvuvi wa pweza atalimaliza huku anapiga soga. Hatari yake iko kwingine: mwili wake umezoea kubana pumzi. Anayeshuka kwa pumzi yake hurudi juu na hewa ileile aliyoshuka nayo. Anayevuta hewa ya mtungi akiwa mita 10 chini hujaza mapafu hewa yenye mgandamizo maradufu ya ule wa juu. Akibana pumzi akapanda, hewa hiyo hutanuka hadi mara mbili kabla hajafika usoni pa maji, na mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo mwenyeji hodari ndiye anayehitaji kufundishwa polepole, mpaka mazoea yale yamtoke. Shule inayomrukisha masomo kwa kumsifia inamdhuru.

"Fomu ya afya ni urasimu tu, jaza hapana kote." Ukijibu ndiyo kwa pumu au moyo hufukuzwi, unapelekwa kwa daktari. Anayekushauri udanganye anajikinga mwenyewe, kwani siku ya balaa karatasi itaonyesha kwamba ulijitangaza mzima.

"Siku mbili zinatosha." Zinaweza, kama nadharia umeimaliza nyumbani kwa intaneti. La sivyo hesabu 3 au 4, maana kuna nadharia, mazoezi ya bwawani na kuzama baharini mara 4. Na kama umekuja Zanzibar kwa ndege kutoka Nairobi, inashauriwa usubiri angalau saa 18 baada ya kuzama kwa siku mfululizo ndipo uruke. Shule inayokutoa majini Jumapili adhuhuri, ikijua tiketi yako ni ya jioni, imeshakuonyesha inavyokuthamini.

"Bei yetu ni ndogo kwa sababu hatuna ofisi kubwa." Yawezekana kabisa. Basi omba uone kompresa, mashine inayojaza mitungi. Bomba lake linavuta hewa kutoka wapi? Likiwa jirani na moshi wa jenereta, mtungi hupokea kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo sumu yake huzidi makali kadiri unavyozama. Soma tarehe ya upimaji iliyogongwa karibu na shingo ya mtungi. Kisha uliza oksijeni ya huduma ya kwanza iko wapi, na utazame kama mtu anainuka kuifuata au anaanza kukueleza.