Mkanda mmoja, mama na mwana

Ipole, wilayani Sikonge, ndipo barabara ya Tabora kwenda Mpanda inapoachana na ile ya Rungwa. Lami imeleta mwendo kasi. Ndani ya Noah, mama humpakata mtoto, kisha mkanda mmoja ukawafunga wote wawili. Nia ni njema, hesabu ndiyo inayokataa.

Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hakuna mikono ya kuzuia hapo. Na akiwa ndani ya mkanda wa mama, mwili wa mama ndio unaombana.

Mkanda wa pointi tatu, alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, umekusudiwa kushika mifupa: mtulinga, kifua na nyonga. Ukipanda tumboni unaumiza utumbo, ini na bandama.

Kwa miaka mingi mikanda ilipimwa kwa sanamu, nyingi zikiwa na umbo la mwanamume wa Kimarekani. Siku hizi watafiti hutumia pia miili ya kompyuta, kama THUMS ya Toyota, yenye mifupa na viungo vya ndani. Lakini kompyuta haiaminiwi hivi hivi. Majibu yake hulinganishwa na majaribio ya miili ya watu walioridhia, kabla ya kufa, itumike kwa utafiti: mbavu zilivunjika palepale? Mkanda uliteleza vilevile? Miili ya watoto kwa kazi hiyo ni michache mno, ndiyo maana ushahidi kuhusu mtoto ni mwembamba kuliko kuhusu baba yake.

Lisilo na ubishi ni kwamba nyonga ya mtoto mdogo haijajenga kingo za kuushika mkanda. Kwa hiyo mchanga anahitaji kiti chake maalumu, ghali kweli, na mkubwa kidogo kiti cha kumwinua, huko nyuma. Mkanda ulale chini, ukigusa mapaja, na juu upite katikati ya bega, si shingoni wala chini ya kwapa. Mjamzito naye aupitishe chini ya tumbo. Asiuache kwa kumhofia mtoto.

Kwenye Noah nyingi mikanda ya nyuma imezama chini ya vitambaa vya viti. Kuichomoa kabla ya kuondoka stendi ni kazi ya dakika moja.