Nyanya na Joto la Usiku

Mkulima wa pwani aonapo maua ya nyanya yakipukutika mwezi wa Februari, huongeza maji, kisha mbolea, kisha dawa ya wadudu. Aghalabu fedha hiyo hupotea bure. Tena mbolea ya naitrojeni ikizidi hustawisha majani na kuzidisha kupukutika kwa maua!

Kiini cha mambo kimo ndani ya ua. Kabla ya ua kuchanua, chembe za chavua hujiwekea akiba ya wanga. Joto likizidi wakati huo, akiba hiyo hupungua. Chavua nyingi hufa, na iliyosalia haitoki vyema katika vifuko vyake. Kwa nje mmea huonekana wenye afya, lakini ua lisilorutubishwa hunyauka na kudondoka.

Usiku ndio unaosahauliwa. Nyanya huvumilia mchana wa sentigredi 30, bali usiku unaozidi 21 hivi huanza kupunguza matunda. Na Dar es Salaam usiku wa Februari huwa kama 25. Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ubaridi wa usiku huliokoa zao.

Kwa maoni yangu, somo la uchavushaji lisiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Kila shule yenye bustani itundike kipimajoto kinachohifadhi kipimo cha chini kabisa cha usiku, na wanafunzi wahesabu maua yaliyodondoka. Daftari hilo litamwonyesha mkulima jirani faida ya kupanda ili nyanya zichanue Julai, usiku wa pwani unapopoa.