MCHEZA KWAO HUTUZWA

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Askari wa kujitolea huenda kucheza ugenini kwa ajili ya kwao, na ngoma aichezayo ni ya mauti. Basi arudipo, nani wa kumtuza, na kwa tuzo gani? Sisi twasema kwamba mji mdogo wajua kumtuza, na Serikali haijajifunza bado kwa mji mdogo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Nduli Idi Amin yaliuvamia mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo huitwa Kagera, yakaishika ardhi yetu mpaka mtoni na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Julius Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaitaka mikoa yote itoe ilichonacho kwa ajili ya vita. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 likakua kwa muda mfupi likapindukia 150,000, na katika hao wapatao 40,000 walikuwa wanamgambo, yaani raia walioacha jembe na kazi zao wakashika bunduki.

Sasa, ndugu msomaji, itazame Mwankoko. Ni kata ya Manispaa ya Singida, katikati ya Bara, katika nchi ya Wanyaturu, nchi ya mtama, uwele na alizeti. Kutoka hapo hata mpaka wa Uganda ni mamia ya maili. Nduli Amin hakudai hata shamba moja la Singida. Kijana wa mahali kama hapo aliyetoa jina lake hakwenda kuulinda ua wa baba yake. Alikwenda kuulinda ua wa mtu asiyemjua, wa lugha nyingine, kwa kuwa aliambiwa kwamba nchi ni moja naye akasadiki. Hiyo ndiyo maana ya kujitolea.

Wala hatuyaandiki haya kama watu wa mbali. Jeshi la Wananchi ni la Muungano, na vijana wa Unguja na Pemba walikuwamo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na tarehe 3 Juni vita vikaisha. Hesabu itajwayo ya askari wetu waliopoteza maisha ni 373, na huko Kaboya, wilaya ya Muleba, yako makaburi ya mashujaa.

Mji mdogo humpokeaje mtu wake? Hauna mizinga ya salamu wala zulia jekundu. Una ngoma, una vigelegele, una mbuzi wa kuchinjwa, na una bibi kizee anayemwita kijana kwa jina la babu yake. Lililo kubwa zaidi, una hesabu yake kamili. Wajua ni wangapi waliotoka, wangapi waliorudi, na mlango upi usipigiwe vigelegele siku hiyo kwa kuwa mwenyewe hakurudi. Hapo askari si namba. Ni fulani bin fulani.

Heshima ya wakubwa ni ya namna nyingine. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao, huwekwa mashada ya maua, buruji hulia na dua husomwa. Hatuna ugomvi na mambo hayo, ni mema. Lakini mnara haumjui mtu. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari pale Dar es Salaam, nayo imesimama hata leo. Ni askari gani yule? Si mtu yeyote. Na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa lile jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, jina la jeshi limebaki, majina ya wapagazi yamepotea. Wengi wao hawakujitolea, walikamatwa. Ilipofika Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka 100 ilipita kabla ya kukiri, na wakati huo hapakuwa tena na mama wa kuulizwa jina la mwanawe.

Je, nasi twataka kungoja miaka 100? Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1978 leo amepita 60. Baada ya ngoma ya makaribisho wanamgambo wengi walirudi majembeni mwao. Kijiji kilikuwa kimekwisha kutoa kilichokuwa nacho. Deni lililobaki si la kijiji.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. La kwanza, kila kijiji Bara na kila shehia Visiwani iandike majina ya watu wake waliokwenda vitani, waliorudi na wasiorudi, na orodha hiyo ibandikwe mahali pa wazi ili kila mtu aisome. La pili, aliyepigana, na mjane wa aliyepigana, atibiwe bure pasipo kuzungushwa kutoka ofisi hii hata ile. La tatu, heshima ya askari hao isifanywe mali ya chama. Mwaka 1978 nchi ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Tangu 1992 ina vyama vingi. Damu iliyomwagika Kagera haikuulizwa kadi, na anayeinusuru nchi hainusuru ili baadaye baadhi ya wananchi waitwe wenyewe na wengine waitwe wageni.

Wananchi, msingoje amri. Karatasi na kalamu hazihitaji kibali. Kaeni na wazee wenu wiki hii, muwaulize ni nani waliotoka katika mtaa wenu, na mwandike.