Msiisingizie kamera!

Wadau, kuna tabia inanikera: mtu anapiga picha ya kunguru juu ya mti, anatoka mweusi tii mpaka kile kifua cheupe, halafu lawama kwa kamera. Sikubali! Kamera haimjui ndege. Ikikutana na mawingu meupe ya Kalinzi, inapunguza mwanga ili kila kitu kiwe kijivu. Ongeza stopu 1 au 2. Mawingu yakipotea, yapotee. Flashi nayo si jua: umbali ukiongezeka mara 2, mwanga wake unabaki robo. Iwashe ndege akiwa karibu, kivulini kwenye mibuni, tena uipunguze stopu 1. Mkizembea kwa kunguru, kesho mkulima wa kahawa atatoka gazetini hana macho. Naye mtasema kamera?